Meza ya Mfiwa

Kwa mara ya saba asubuhi ile Subilaga aliinuka kitini, akakaza khanga kiunoni juu ya gauni lake la kazini, akaiendea meza ya mwenzake aliyefiwa. Urefu wake haukuzidi kiganja cha mkono. Lutengano Mwasomola alimtazama kutoka juu, viwiko vyake ukingoni mwa meza ya kioo, kama mtu anayechungulia kisima. Kile kivuli cha mwanamke kikavuta droo, kikatoa muhuri, kikaupulizia pumzi ili wino ulainike, kikaanza kugonga majalada yaliyorundikana pale. Yalikuwa kumi na moja. La nane lilikuwa la Bonde la Lwika.

"Simama," Lutengano alisema, na ile ofisi ndogo ikaganda, muhuri ukiwa bado hewani.

Aliandika kwa penseli kwenye daftari lake neno lile lile aliloandika mara sita zilizopita: hakusita. Kisha akamwondoa. Mahali pake mashine ikamweka karani mwingine, na ofisi ikaanza upya tangu Jumatatu ile ya miaka tisa iliyopita. Karani mpya alifika, akafungua masijala, akanywa chai, akapita kando ya meza ya mfiwa, akaenda zake. Majalada yakabaki palepale. Wiki ikaisha. Mwenye meza, mkaguzi wa makazi aitwaye Gwakisa, akarudi kutoka kumzika mama yake, akalikuta jalada la nane halijaguswa, akalisoma, akavaa viatu vya mvua na kushuka bondeni kwa miguu. Huko akaona moshi wa majiko. Akarudi na kuandika kwa mkono wake: Bonde lina watu.

Na watu mia sita na kumi na watatu hawakufa.

Mashine ikamtoa karani yule, ikamweka wa pili, kisha wa tatu, ikaenda hivyo mpaka wa elfu moja. Ilipomaliza iliwasha tarakimu zile zile ilizokuwa ikiziwasha tangu mwanzo wa wiki. Mia nane sabini na moja.

Kazi ya mashine ile, iliyoitwa Marudio, ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuizoea. Ilipewa kila kitu kilichobaki cha ofisi fulani: barua, madokezo, sauti za simu, saa ambazo milango ilifunguliwa, hata idadi ya vikombe vilivyooshwa. Kutokana na hayo ikaunda vivuli vya wafanyakazi wa ofisi ile, kila mmoja na namna yake ya kutembea na ya kuogopa. Halafu ikauliza swali moja. Ikimtoa mtu huyu na kuweka mahali pake mtumishi mwingine wa Serikali, uovu ungetendeka vilevile au usingetendeka? Watumishi wa kubadilishia walikuwa elfu moja, watu wa kweli, wa ngazi zote, ambao kumbukumbu zao za kazini zilichotwa kutoka kwenye kabati za Shirikisho bila wenyewe kuulizwa. Kila mmoja alikalishwa mara moja kwenye kila kiti. Idadi ya mara ambazo uovu ulikosa kutendeka ndiyo iliyoitwa uzito wa yule aliyeondolewa.

Sheria ilifuata nyuma ya hesabu hiyo. Mwenye uzito uliozidi mia tano aliitwa bawaba, kwa kuwa mlango hugeuka kwenye bawaba na si kwenye mbao zake. Bawaba alifungwa maisha. Wengine wote waliokuwa kwenye jalada walifutiwa, na hapakuwa na mahakama ya kuwagusa tena.

Lutengano alikuwa ameiendesha Marudio kwa miaka mitano katika Tume iliyochunguza maovu ya namna hii. Hakusomea chuo chochote. Alianza kwa kutengeneza pampu za maji, akazifungua mpaka akazielewa, na baadaye alipopata kazi serikalini akaifungua mashine hii kwa namna ile ile, kipande baada ya kipande, akiandika kila kitu kwenye daftari. Hakuwa mwepesi wa kusema fulani ni mbaya. Wenzake walimtania kwamba hata mwizi akikutwa na kuku mkononi, Lutengano angetaka kwanza kuongea na kuku.

Lakini jambo la Lwika lilimkaa kooni, na sababu yake ilikuwa kwenye kiti cha Waziri.

Aliirudisha ofisi mpaka Ijumaa, akasogea chumba cha mwisho. Kivuli cha Waziri wa Nishati kilikuwa kimeketi na jalada mbele yake. Kisima cha joto cha Mlima Ngosilo, kilichowasha taa za nusu ya Shirikisho, kilikuwa kimejaa hewa nzito na ilibidi kipumulishwe. Hewa ile haina rangi wala harufu. Ikitoka hushuka kama maji, ikajaza mabonde, na chochote kinachopumua bondeni hulala kisiamke. Ndiyo maana kibali kilipitia meza saba. Msaidizi aliinama akamwambia Waziri, na sauti yake ilikuwa imehifadhiwa safi kabisa, kwamba kuna watu wanasema wameona vijumba kule Lwika, huenda waliohamishwa wamerudi.

"Mkaguzi wa makazi amesemaje?" Waziri aliuliza.

"Muhuri wake upo, Mheshimiwa."

"Basi."

Akasaini. Lutengano alimwondoa Waziri yule na kuwakalisha wengine elfu moja kwenye kiti kile, wote wakaambiwa habari ya vijumba, wote wakaonyeshwa muhuri. Walisaini mia tisa tisini na sita. Kwa hiyo uzito wa Waziri, aliyeambiwa kwa maneno ya wazi kwamba kuna watu, ulikuwa nne. Mkurugenzi alikuwa na tisa. Fundi aliyefungua koki alikuwa na mbili.

Na Subilaga, karani wa masijala ambaye hakuambiwa na yeyote, alikuwa na mia nane sabini na moja.

Zilibaki siku sita taarifa iwasilishwe. Siku ya tisini ikipita bila jina la bawaba, sheria ilisema wote wafutiwe.

*

Mwenyekiti wa Tume, Mzee Mwaisela, alikuwa jaji mstaafu mwenye sauti ya chini na tabia ya kufuta miwani kwa tai yake kila alipotaka muda wa kufikiri. Alimsikiliza Lutengano mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamwomba asimame akatazame rafu iliyokuwa nyuma yake.

Zilikuwamo taarifa za tume kumi na nne za zamani, kabla ya Marudio kubuniwa. Mzee alimtaka afungue yoyote, asome ukurasa wa mwisho. Lutengano alifungua ya tatu, halafu ya sita, halafu ya kumi na moja. Zote zilikuwa zimeandikwa na wasomi wa jamii, watu makini, na zote zilieleza vizuri. Kwamba kazi ikikatwa vipande vidogo, hakuna anayeona umbo lake zima. Kwamba mtu akishapewa muhuri huuachia muhuri dhamiri yake. Kwamba waathirika huanza kufa kwenye karatasi kabla ya kufa kwenye miili. Alikubaliana na kila sentensi. Na kila taarifa ilimalizia kwamba kosa lilikuwa la mfumo.

"Umeona waliofungwa?" Mzee aliuliza.

"Hapana, Mheshimiwa."

"Mfumo haujawahi kulala rumande, kijana wangu. Hauna mikono ya kutiwa pingu. Watu wa Lwika wamelala nje ya lango letu siku themanini na nne, wanataka jina. Sheria hii ni mbovu, mimi mwenyewe nilisema hivyo ilipotungwa. Lakini kabla yake hatukuwa na kitu."

Lutengano akasema kwamba Waziri aliambiwa, na yule mama hakuambiwa. Mzee akafuta miwani. Akajibu kwamba analijua hilo, na kwamba kwa moyo wake angemfunga Waziri hata leo kabla ya chakula cha mchana. Ila moyo wa jaji ndio uliowahi kuwafunga watu kwa kabila zao, na ndiyo sababu wakaitaka mashine. Ukiikubali mashine siku inaposema unachopenda, huna budi kuikubali na siku nyingine.

Alimpa siku mbili za kuikamilisha taarifa. Alipokuwa mlangoni Lutengano aliulizwa kama amewahi kumwona yule mama uso kwa uso. Alisema hajawahi.

*

Subilaga alikuwa ameacha kazi siku nyingi. Aliishi nje kidogo ya mji wa Lusungo, kwenye kilima chenye ukungu, akiunganisha miche ya parachichi. Lutengano alimkuta amepiga magoti kati ya vifuko vya udongo, kisu kidogo mkononi, akichana kikonyo cha mche ili kupachika kingine. Alijitambulisha kuwa ametoka kwenye Tume. Mama yule hakushtuka. Alimaliza kufunga mche kwa utepe, akamtazama miguuni.

"Ninyi watu wa Tume mnakuja na viatu vya kuolea," alisema. "Haya, kaa hapo penye ndoo, matope hayatakufuata."

Alimletea chai. Lutengano akaeleza kwamba sheria hairuhusu amwambie lolote, anaruhusiwa kuuliza tu. Mama akasema hata daktari husema hivyo.

Aliulizwa kuhusu wiki ile, akaisimulia taratibu, na ilifanana na aliyoyaona kwenye meza ya kioo mpaka Lutengano akaona haya kwa kuijua mapema. Habari ya msiba ilifika Jumatatu. Gwakisa aliondoka hata koti hakuchukua. Jumanne na Jumatano majalada yakaanza kupanda mezani pake. Alhamisi asubuhi yeye Subilaga akayagonga yote, akayasogeza, akaifuta meza kwa kitambaa cha maji na kuweka ua la kopo.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna wa kunituma. Ilikuwa desturi yetu pale. Kufiwa ni zamu, baba. Leo mwenzio, kesho wewe. Mtu anatoka kuzika, mgongo unamuuma kwa kulala chini, halafu akute mlima wa karatasi? Tulikuwa tunamfutia mfiwa meza."

Akaeleza desturi hiyo ilivyomfikia. Mwaka mmoja kabla ya Lwika alikuwa amefiwa na mwanawe wa mwisho, Atupele, kwa homa ya siku mbili. Alirudi kazini siku ya tisa akiwa amejiandaa kukuta rundo. Alikuta meza nyeupe. Gwakisa, mtu asiye na maneno mengi, ndiye aliyekuwa amebaki jioni tatu kumalizia kazi yake. "Nilikaa pale nikalia," alisema. "Msiba nilikuwa nimeshaulilia. Siku ile niliililia meza."

Lutengano aliuliza kama alilisoma jalada la nane. Alisoma jina la juu tu: kibali cha kupumulisha, Lwika. Na kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyepanga majalada ya kuhamishwa kwa watu wa Lwika miaka miwili kabla, alijua bonde ni tupu.

"Ungelisoma lote?"

Alikilaza kisu gotini. "Ningeligonga vilevile," alisema. "Nisikudanganye. Nilikuwa namtazama Gwakisa, sikuwa natazama karatasi."

Gwakisa aliporudi aliikuta meza safi, akamshukuru kwa mkungu wa ndizi. Siku tatu baadaye, Alhamisi alfajiri, koki ikafunguliwa. Tangu hapo Gwakisa hakukanyaga tena ofisini, wala hawajaonana. Ila kila mwaka, tarehe ile ile, humtuma mtu amletee mkungu mwingine. Hapana barua, hapana salamu.

"Sijui kama ananishukuru au ananikumbusha," Subilaga alisema. "Miaka minane natazama ndizi zile, sijui."

"Huwa unazifanyaje?"

"Nazipika. Ndizi ni ndizi." Akachukua mche mwingine. "Nimeonekana mimi, siyo?"

Lutengano alitazama chai yake. Mama akamwambia asijisumbue kujibu, uso wake ni wa mtu asiyejua kucheza karata. Kisha, kama mtu anayeuliza habari za njiani, akataka kujua kama hata kwao kule kwenye Tume huwa wanamfutia mfiwa meza. Lutengano akasema wana kazi nyingi. Akashukuru kwa chai, akateremka kilima, na kila hatua viatu vyake vya kuolea vilimteleza.

*

Swali lile lilimrudisha kwenye mashine kesho yake, kabla wenzake hawajafika.

Katika miaka mitano hakuwahi kufungua orodha ya watumishi elfu moja wa kubadilishia. Haikukatazwa kwa mwendeshaji. Hakuwa tu na haja nayo, kama mtu apimaye mahindi asivyo na haja ya kujua nani alichonga pishi. Sasa aliifungua na kuisoma polepole kwa kidole. Namba sabini na saba alimkuta Subilaga mwenyewe, kwani naye alikuwa mtumishi. Hakuifungua namba ile. Aliendelea kushuka. Namba mia nne kumi na nane ilisomeka Mwasomola, Lutengano, aliyekuwa ofisa msaidizi wa ardhi kwa miaka minne kabla ya kuhamia Tume.

Alikaa akiitazama. Alijisikia kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye chumba asichoalikwa.

Kwanza alijiweka kwenye kiti cha Waziri. Kivuli chake kilikuwa kimeinama kidogo upande wa kushoto, kama anavyoinama yeye. Msaidizi akamwambia habari ya vijumba. Kivuli kikauliza muhuri wa mkaguzi, kikaonyeshwa, kikauangalia kwa makini, kwa utaratibu, kikageuza ukurasa kuhakikisha tarehe. Kikasaini. Halafu kikainuka kwenda kunywa chai.

Lutengano aliirudia mara nne. Mara zote kilihakikisha tarehe.

Kisha akajiweka kwenye kiti cha Subilaga. Jumatatu ikaja na habari ya msiba. Kivuli kikasimama na wengine, kikasema pole iwafikie, kikarudi kwenye kazi yake. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, kikapita kando ya meza ya mfiwa mara ishirini na sita bila kuigusa. Majalada yakakaa. Gwakisa akarudi, akasoma, akashuka bondeni. Watu wote wakapona.

Alijaribu kufurahi, ikashindikana. Alimkumbuka Ambokile, mwenzake wa ardhi, aliyefiwa na mke wakati wa masika. Alikuwa amekaa meza ya pili kutoka kwake. Rundo la karatasi zake lilipanda mpaka likafunika picha ya harusi iliyokuwa pale, na Lutengano aliliona kila siku, na hakuna siku ilipomjia akilini kwamba lilikuwa jambo linalomhusu. Ambokile aliporudi alilitazama, akakaa mbele yake kutwa nzima, na baada ya mwezi akaomba uhamisho.

Basi hicho ndicho kilichowaokoa watu wa Lwika ndani ya mashine. Hakikuwa wema, hakikuwa ushujaa. Makarani mia nane sabini na mmoja waliwaokoa watu mia sita kwa sababu hawakumkumbuka mwenzao. Na mawaziri mia tisa tisini na sita walimsafisha Waziri kwa sababu walikuwa kama yeye. Lutengano aliandika sentensi hizo mbili, moja chini ya nyingine, akazitazama mpaka zikaanza kuogelea. Zote zilikuwa za kweli. Hakujua amkasirikie nani. Mashine haikukosea hata mahali pamoja. Ilijibu sawasawa swali ililoulizwa, nalo lilikuwa ni nani angeweza kuuzuia uovu. Hakuna aliyewahi kuiuliza ni nani alijua.

Alichukua nakala ya sheria. Hakuwa mwanasheria, kwa hiyo aliisoma kama alivyozoea kusoma vitabu vya pampu, tangu ukurasa wa kwanza, bila kuruka. Saa sita mchana alifika kifungu cha kumi na tisa. Kilisema kwamba mtu yeyote ambaye maneno au matendo yake yamempunguzia mtajwa wa jalada uzito ni shahidi wake, na kila shahidi aweza kuitwa ahojiwe kwa mdomo wake, na siku za Tume hazihesabiwi mashahidi wanapohojiwa. Wafiwa nao waliruhusiwa kuuliza.

Alikisoma mara ya pili. Kisha akanoa penseli.

*

Mzee Mwaisela alimwuliza kama ana homa. Watu elfu moja? Baadhi wamestaafu, baadhi wako kwenye viti vikubwa hivi leo. Itachukua miaka. Na wakiulizwa, kila mmoja atasema kwamba yeye asingesaini, ndivyo watu walivyo, na mashine itakuwa imepingwa na uongo mtupu.

"Huenda," Lutengano alisema. "Lakini Waziri anaachiwa kwa kauli ya watu mia tisa tisini na sita ambao hawajafungua midomo. Nataka wafungue tu, Mheshimiwa. Naomba nianze mimi."

"Na usipomsaidia yule mama?"

"Sijui kama nitamsaidia. Huenda nikamwongezea."

Mzee alifuta miwani kwa muda ambao miwani yoyote ingekuwa imeshakwisha. Mwishowe akasema kifungu kipo, hana pa kukikwepea.

Kikao kilikaa Jumatano, siku ya themanini na nane. Watu wa Lwika waliingia wakiwa na blanketi zao mabegani, wakajaza mabenchi. Subilaga aliletwa, akaketi ukutani, mikono yake ina rangi ya udongo kwenye kucha. Waziri hakuja, alikuja wakili wake. Karani wa kikao alisoma namba, mia nne kumi na nane, kisha jina, na Lutengano akaenda kuketi kwenye kiti cha shahidi ambacho kwa miaka mitano alikuwa akikiona kwa nyuma tu.

Aliyesimama kwa niaba ya wafiwa aliitwa Tumpale, mwanamke mwembamba wa makamo. Siku ile ya hewa alikuwa amelala hospitali ya mjini akijifungua. Kwao alirudi na mtoto mchanga, hakukuta wa kumwonyesha. Hakuwa na karatasi. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei.

"Baba, wewe ndiye Waziri. Umeambiwa kuna vijumba. Karatasi ina muhuri. Unasaini?"

Lutengano alikuwa ameandaa maelezo juu ya vivuli na uzito. Yalikuwa kwenye daftari, kurasa tatu. Aliliacha daftari limefungwa.

"Nasaini, mama."

Mabenchi yalitoa mguno. Wakili wa Waziri akaandika upesi, akitabasamu kidogo. Tumpale alisubiri kimya kirudi.

"Umeambiwa kuna watu, na unasaini."

"Ndiyo. Nimejiona nikifanya. Naangalia tarehe, naona iko sawa, nasaini."

"Hilo ni kosa, au si kosa?"

"Ni kosa."

Wakili akaacha kuandika. Alisimama akasema kwamba shahidi ameitwa kueleza angefanya nini, hakuitwa kujihukumu. Mzee Mwaisela alimtaka akae. Akasema kwa upole kwamba shahidi anayesema angefanya kama mtajwa, kisha akasema kufanya hivyo ni kosa, hajulikani kisheria kama anamtetea mtajwa au anajishtaki pamoja naye, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kukutana na jambo hilo. Akaagiza liandikwe lilivyo.

"Na sasa wewe ni karani," Tumpale akaendelea, na kwa mara ya kwanza alimtazama Subilaga pale ukutani. "Mwenzio kafiwa. Meza yake imejaa. Unaifuta?"

"Siifuti."

"Kwa nini?"

Alitafuta neno la heshima zaidi, hakulipata. "Hainijii akilini," alisema. "Napita tu."

"Kwa hiyo sisi tunapona kwa sababu hukumjali mwenzio."

"Ndiyo, mama. Mnapona kwa hilo."

Tumpale alisimama pale, mikono imening'inia. Lutengano alimwona akiligeuza jambo lile kichwani, huku na huku, kama mtu aliyepewa kitu kizito akakosa pa kukishika. Alikuwa amekaa nje ya lango siku zote zile akidai jina moja. Alimtazama tena Subilaga, na Subilaga hakuinamisha uso. Hakuna aliyejua wanaambiana nini.

"Mimi siku ile nilikuwa wodini," Tumpale alisema mwishowe, bila kumwelekea mtu. "Jirani yangu mmoja ndiye alinifulia nguo na kunipikia uji siku nne, akaacha kazi zake. Naye alizirudia kule bondeni asubuhi ile ile ya hewa, hakutoka tena. Sijui nikasirike na nini. Lakini andikeni alivyosema. Na muite mwingine, tusikie. Wote. Sisi blanketi tunazo."

Lutengano alishuka kitini. Hakuweza kusema kama amemwokoa mtu au amemzamisha. Alipopita karibu na ukuta Subilaga alisogea kidogo, akamwachia nafasi kwenye benchi, naye akakaa.

Karani wa kikao aliigeuza orodha kwenye ukurasa wa kwanza, kwa kuwa sasa ilibidi iende kwa mpango wake. Alifungua mdomo kusoma namba moja, akasita, akamtazama Mwenyekiti, akarudisha macho kwenye karatasi. Kisha akasoma, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

"Namba moja. Mwaisela, aliyekuwa jaji."

Mzee hakushangaa, au hakuonyesha. Aliivua miwani, safari hii bila kuifuta, akaiweka juu ya meza. Aliteremka ngazi tatu za jukwaa akishikilia ukingo, akavuka ukumbi, akaketi kwenye kiti cha shahidi ambacho bado kilikuwa na joto. Kule juu kiti cha Mwenyekiti kilibaki kitupu, na watu wakatazamana, kwa maana hapakuwa na aliyejua nani ataongoza kikao.

Tumpale akasogea hatua moja mbele.

"Mzee," alisema, "wewe ndiye Waziri. Umeambiwa kuna vijumba."